Kutangaza, Kuhifadhi au Kutafuta Sura: Ulinganisho wa Njia Tatu za Kushughulikia Picha za Vita

Anayechunguza vita kwa vyanzo vya wazi, yaani kwa video za mitandao ya kijamii, picha za setilaiti, ramani na daftari za umma, mapema au baadaye hufika mahali ambapo ustadi wa kutafuta haumfai tena. Video ameipata, mtaa ilikopigwa ameuthibitisha kwa paa na nguzo za umeme, saa ameikadiria kwa urefu wa vivuli, na lililobaki ni uamuzi: aitangaze, aifungie katika hifadhi kwa ajili ya wapelelezi na mahakama, au azipitishe sura za waliomo katika programu ya utambuzi wa nyuso ili azipe majina. Njia hizo tatu zinatumiwa leo na waandishi wa habari, watetezi wa haki za binadamu, wanasheria na hata raia wenye simu na bando tu, na kila moja ina watetezi wake. Ulinganisho huu unazipima kwa kipimo kimoja, nacho ni faragha na usalama wa watu walioingia katika picha bila kuulizwa, kwa kuwa sifa nyingine za njia hizo zimekwisha kusemwa sana.

Ili mizani isibadilike njiani, tuchukue video moja ya kubuni na kuipitisha kote. Ina sekunde 40 na imepigwa kutoka ghorofani, kupitia dirishani. Askari watatu wanamtoa mwanamume nyumbani kwake, mkewe amesimama mlangoni, namba ya nyumba inasomeka, na aliyeshika simu anasikika akinong'ona maneno mawili. Hapo pana watu sita, na kila mmoja ana haki yake katika taarifa zinazomhusu, wakiwemo askari wenyewe na yule ambaye sura yake haionekani kabisa.

Kilicho wazi na kilicho huru

Kabla ya kulinganisha, kuna dhana moja inayopaswa kuondolewa njiani, kwa sababu ndiyo inayoharibu maamuzi mengi: kwamba kitu kikishawekwa mtandaoni, kila mtu amepewa ruhusa ya kukitumia atakavyo. Sheria hazisemi hivyo. Kanuni ya Jumla ya Ulinzi wa Data ya Umoja wa Ulaya, iliyoanza kutumika tarehe 25 Mei 2018, inaruhusu taarifa nyeti zichakatwe pale ambapo mhusika mwenyewe ameziweka hadharani, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019 nayo inaruhusu taarifa zikusanywe bila kupitia kwa mhusika iwapo yeye amezitangaza kwa makusudi. Uzito wote umelala juu ya neno "mwenyewe". Yule mama aliyesimama mlangoni hakutangaza chochote. Ametangazwa na jirani, kisha na chaneli ya Telegram, kisha na mamia ya watu waliosambaza, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa na mamlaka ya kutoa ruhusa kwa niaba yake.

Ni kweli kwamba sheria hizo zina misamaha, na misamaha yenyewe ni mipana. Mambo ya usalama wa taifa huachwa nje, matumizi ya nyumbani huachwa nje, na uandishi wa habari hupewa nafasi yake. Tatizo ni kwamba wengi huusoma msamaha kana kwamba ni cheti. Msamaha wa waandishi nchini Kenya, kwa mfano, umefungwa na sharti kwamba mchapishaji awe na sababu ya kuamini kuwa uchapishaji una maslahi kwa umma, na imani hiyo hutakiwa kwa kila picha, si kwa vita vizima. Tanzania nayo ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, hivyo mchunguzi aliyekaa Dar es Salaam akichambua video za Kharkiv, Ukraine, asidhani kwamba umbali wa vita umemweka mbali na sheria ya hapo alipo.

Juu ya hayo iko sheria ya vita yenyewe. Kifungu cha 13 cha Mkataba wa Tatu wa Geneva wa mwaka 1949 kinataka mfungwa wa vita alindwe wakati wote dhidi ya matusi na dhidi ya udadisi wa umma. Maneno hayo yaliandikwa zaidi ya nusu karne kabla ya Telegram, lakini hakuna sheria ya data iliyoyapita kwa ukali, kwa sababu hayaulizi kama picha ni ya kweli wala kama mfungwa alikubali kupigwa.

Kutangaza

Njia ya kwanza ndiyo iliyoupatia uchunguzi wa vyanzo vya wazi jina lake. Bellingcat, kundi la wachunguzi wa mtandaoni, ilianzishwa na Eliot Higgins Julai 2014, na siku chache baadaye, tarehe 17 mwezi huohuo, ndege ya abiria ya Malaysia Airlines iliyokuwa safari ya MH17 ilidunguliwa mashariki mwa Ukraine, watu wote 298 waliokuwamo wakafa. Mtambo wa kurushia makombora wa Buk ulifuatiliwa barabara kwa barabara kwa picha na video zilizopigwa na wakazi, na kazi hiyo ilifanywa hadharani ili yeyote aweze kurudia hesabu na kuikosoa. Uwezo huo wa kukosolewa na wasomaji ndio nguvu kubwa ya kutangaza, na hifadhi iliyofungwa haiwezi kuutoa. Novemba 2022 mahakama ya Uholanzi iliwatia hatiani watu watatu kwa kudunguliwa kwa ndege hiyo, bila wao kuwepo.

Mfano ulio karibu zaidi na sisi ni wa Kameruni. Mnamo Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, na serikali ikaanza kwa kuiita habari ya uongo. Kikosi cha BBC Africa Eye kililinganisha uti wa milima ulioonekana nyuma ya wauaji na umbo la milima katika picha za setilaiti, kikapata kijiji cha Zelevet kaskazini mwa nchi, kisha kikatumia vivuli vya askari waliokuwa wakitembea kukadiria kuwa mauaji yalifanyika kati ya mwisho wa Machi na mwanzo wa Aprili 2015. Septemba 2020 askari wanne walihukumiwa kifungo cha miaka 10 kila mmoja. Ukiitazama kazi hiyo kwa jicho la faragha, utaona jambo ambalo wanaoisifu huliruka: swali la wapi lilijibiwa na mlima, na swali la lini lilijibiwa na jua. Sura zilihitajika kwa swali la nani peke yake, na katika swali hilo sura za marehemu na watoto wao hazikuwa na kazi yoyote.

Udhaifu wa kutangaza uko palepale penye nguvu yake. Ramani inayomwonyesha msomaji gari la kijeshi lilipokuwa, kwa mistari iliyochorwa kutoka kwenye jengo hadi kwenye mti, humwonyesha pia dirisha ambalo picha ilipigwa. Katika video yetu ya mfano, hesabu ya pembe tatu itatosha kuutaja mlango wa yule jirani wa ghorofani, naye huenda bado analala humo, mtaa ukiwa chini ya jeshi lilelile. Mchunguzi huona fahari kuchora mistari hiyo kwa sababu ndiyo inayothibitisha ujuzi wake, na mara nyingi wasomaji hawaihitaji kabisa. Ingetosha kusema kwamba mahali pamethibitishwa na kuwapa wahariri wa pembeni ramani kamili.

Wakati nao una hatari yake. Baada ya jengo la maduka la Retroville mjini Kyiv kupigwa kombora tarehe 20 Machi 2022 na watu wasiopungua 8 kuuawa, idara ya usalama ya Ukraine ilimshika mkazi mmoja aliyekuwa ameweka TikTok video ya magari ya jeshi katika eneo hilo. Siku chache baadaye bunge la nchi hiyo lilipitisha kifungu kipya cha sheria ya jinai kinachoadhibu usambazaji usioruhusiwa wa taarifa za mienendo ya majeshi, kwa kifungo kinachoweza kufika miaka 12. Anayetangaza kutoka Mombasa au Kigali hatashikwa kwa sheria hiyo, ila aliyempa video yuko chini yake. Kilichotangazwa hakirudi: kufuta chapisho huliondoa kwako tu, huku nakala zikibaki kwa wale uliokuwa ukiwaogopa zaidi.

Kuhifadhi

Njia ya pili ilizaliwa kwa sababu ya upotevu. Mwaka 2017 YouTube ilianza kutumia programu zinazojifunza zenyewe kuondoa video za ukatili, na maelfu ya video za vita vya Syria zikatoweka, nyingi zikiwa ushahidi pekee wa tukio. Syrian Archive, mradi ulioanza 2014 na ambao baadaye ulizaa shirika la Mnemonic mjini Berlin, ulikuwa umeanza kuzipakua na kuziwekea kumbukumbu, na mtindo huo umehamishiwa Sudan, Yemen na Ukraine. Mwaka 2020 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa na Kituo cha Haki za Binadamu cha Chuo Kikuu cha California, Berkeley, zilitoa mwongozo unaoitwa Itifaki ya Berkeley, ambao unaeleza namna ya kukusanya, kuthibitisha na kutunza taarifa za mtandaoni ili zisikataliwe mahakamani. Faili huchukuliwa alama ya kihisabati kwa njia kama SHA-256, ambayo hubadilika yote hata pikseli moja ikiguswa, na kila aliyeifungua huandikwa.

Kwamba kazi hiyo ina maana ilionekana tarehe 15 Agosti 2017, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ilipotoa hati ya kumkamata Mahmoud al-Werfalli wa Libya kwa mauaji ya watu 33 huko Benghazi na vitongoji vyake, hati iliyoegemea kwa sehemu kubwa video zilizokuwa zimesambaa mitandaoni. Asiyependa njia hii atakumbusha, naye hakosei, kwamba Werfalli hakufika The Hague: aliuawa Benghazi Machi 2021. Hifadhi huenda kwa mwendo wa mahakama, na mahakama huenda kwa mwendo wa majeshi yanayokubali au kukataa kumtoa mtuhumiwa.

Kwa watu wetu sita, hifadhi ni afueni kubwa ikilinganishwa na kutangaza. Jirani hafichuliwi, mama hapati umaarufu asioutaka, na askari ambaye huenda alilazimishwa kusimama pale hahukumiwi na wapita njia. Lakini anayechagua njia hii asidhani amemaliza. Amejenga ghala, na ghala huvutia wezi. Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kuwa mitambo inayotunza taarifa zake ilivamiwa, na taarifa za zaidi ya watu 515,000, wakiwemo waliotenganishwa na familia zao, waliopotea na waliofungwa, zikaingia mikononi mwa wasiojulikana. Kama hayo yalilipata shirika linaloishi kwa kulinda siri za wanyonge, kikundi cha watu wanne chenye diski moja ya nje na nywila moja ya pamoja kisijipe moyo.

Upo pia mvutano ambao Itifaki yenyewe haiwezi kuumaliza. Sheria za data zinataka taarifa zitunzwe kwa muda usiozidi mahitaji, ilhali kesi za vita hufunguliwa baada ya miaka 10 au 20, na mtunzaji hajui ni sekunde zipi wakili atazihitaji. Kwa maoni yangu jibu linaloweza kutetewa ni kutenga: faili asilia ibaki nzima, imefungwa, na wenye ufunguo wawe wachache wanaojulikana kwa majina, wakati timu ya kila siku ikitumia nakala iliyofichwa sura na sauti. Ni kazi inayochosha na haina sifa. Hata hivyo, kikundi kisichoweza kuifanya kingefanya vizuri zaidi kulikabidhi shirika lenye uwezo faili hizo kuliko kukusanya tu kwa sababu kukusanya ni rahisi.

Kutafuta sura

Njia ya tatu ndiyo mpya, na ndiyo inayotamanisha. Machi 2022 kampuni ya Marekani ya Clearview AI iliipa Ukraine programu yake ya utambuzi wa nyuso bila malipo. Kampuni hiyo ilisema kuwa hazina yake ilikuwa na picha zaidi ya bilioni 10, bilioni 2 kati ya hizo zikiwa za VKontakte, mtandao wa Kirusi. Programu ilitumika katika vizuizi vya barabarani na kuwatambua waliokufa, na kwa mujibu wa maofisa wa Ukraine walionukuliwa na Washington Post Aprili mwaka huo, utafutaji zaidi ya 8,600 ulifanywa katika siku 50 za kwanza. Familia za askari wa Urusi ziliandikiwa, nyingine zikitumiwa picha za maiti za wana wao.

Huko Ulaya kampuni hiyohiyo ilikuwa ikipigwa faini kwa kuikusanya hazina hiyo bila ruhusa ya wenye sura: euro milioni 20 Italia, milioni 20 Ugiriki na milioni 20 Ufaransa, zote mwaka 2022, kisha euro milioni 30.5 Uholanzi mwaka 2024. Watetezi husema vita vina sheria zake na wafu hawana data, na sehemu ya pili ya kauli hiyo ni kweli kwa maandishi, kwa kuwa kanuni ya Ulaya haiwahusu marehemu. Lakini picha ya maiti haikutumwa kwa maiti. Aliyeipokea ni mama aliye hai, katika nchi ambako hata kuuliza habari za mwanawe kungeweza kumletea matatizo.

Kasoro ya kiufundi inatisha zaidi kuliko ya kisheria. Programu ya namna hii haitoi jina; inatoa orodha ya watu wanaofanana na kiwango cha kufanana kwao, na jina analichagua binadamu aliyechoka. Maiti iliyofumba macho na kuvimba si picha ya pasipoti. Katika video yetu, askari wa pili amevaa kofia na anaonekana kwa ubavu kwa sekunde 3, na nina hakika kwamba mtu mwenye programu hii na hasira ya kutosha atampatia jina. Iwapo jina ni la mtu mwingine anayeishi maelfu ya kilomita kutoka hapo, kukanusha hakutamfikia kila aliyekwisha kumtukana. Orodha nzima nazo zina hatari hiyo: tarehe 1 Machi 2022 gazeti la mtandaoni la Ukrainska Pravda lilichapisha taarifa za askari 120,000 wa Urusi waliosemekana kupigana Ukraine, na orodha ya ukubwa huo haiwezi kuhakikiwa mtu mmoja mmoja na msomaji yeyote.

Ningeiweka njia hii mwisho, na ndani ya milango iliyofungwa tu: kama kidokezo kinachohitaji alama nyingine mbili zisizotegemea sura, kwa mfano namba ya kikosi kwenye gari na chapisho la mhusika mwenyewe, na kwa makamanda kabla ya askari wa chini. Aliyetekwa asipitishwe humo kabisa kwa ajili ya kutangazwa. Kwa waliotekwa na waliokufa, Msalaba Mwekundu ulifungua Machi 2022 ofisi maalumu ya Wakala wake Mkuu wa Utafutaji huko Geneva kwa ajili ya vita vya Urusi na Ukraine, na habari za mtu mmoja hufikishwa kwa familia moja, bila hadhira.

Pale ambapo uchaguzi unageuka

Mara nyingi swali halihitaji mtu yeyote katika picha, na hapo setilaiti huzishinda njia zote tatu. Picha bora za kibiashara huonyesha kitu cha sentimeta 30 kwa pikseli moja, kwa hiyo maiti barabarani huonekana kama alama nyeusi isiyo na sura. Urusi ilipodai kuwa miili ya mtaa wa Yablunska huko Bucha iliwekwa baada ya majeshi yake kuondoka mwishoni mwa Machi 2022, New York Times ililinganisha video za Aprili na picha za setilaiti za katikati ya Machi na kukuta alama hizo zilikuwapo tayari mahali palepale. Uongo ulivunjwa bila jina la marehemu hata mmoja kutajwa. Setilaiti haijui nani alifyatua, ila wengi wanaokimbilia sura walikuwa wakiuliza lini.

Kwa video yetu, basi, ningeanza na hifadhi siku hiyohiyo, kwa sababu inaweza kutoweka kesho. Ningeitangaza tu kama kuna uongo unaoendelea kuua au kumficha mtu aliye hai, na hata hapo bila namba ya nyumba, bila pembe ya dirisha, baada ya kujua kwamba mama na jirani wamehama au wameridhia, na bila sauti.

Sauti huwa tunaisahau, ingawa wasemaji wa Kiswahili tungepaswa kuwa wa kwanza kuikumbuka. Sikio la Mombasa humjua Mwamu kabla sentensi haijaisha, na Kiswahili cha Bukavu si cha Bunia wala cha Lubumbashi. Goma ilipotekwa na waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, video zilizotoka huko zilibeba minong'ono ya waliozipiga, na mnong'ono wa maneno mawili unaweza kutosha kwa jirani aliyekasirika. Kuficha sura zote za mbele na kuiacha sauti ya aliye nyuma ya simu ni kumfichua mtu pekee aliyejitolea kutusaidia.

Hata namna ya kupokea faili hubadilisha njia uliyochagua. Picha ikitumwa WhatsApp kwa njia ya kawaida hubanwa na kupoteza taarifa zilizofichwa ndani yake, kama saa na mahali ilipopigwa. Ikitumwa kama waraka, hubaki nazo zote. Mahakama ingependa ya pili, anayetangaza anahitaji ya kwanza, na aliyeko Goma hajui tofauti hiyo mpaka aambiwe. Aambiwe kabla hajatuma, kwa sababu akipita kizuizini na simu yenye faili asilia, maelezo yoyote tutakayompa baadaye yatakuwa yamechelewa.